Usijibu Nusu

Kamere, Naivasha
9 Septemba 2007

Kwako Mama Paresh,

Natumai barua hii itakukuta mzima na miguu haikusumbui sana. Ni mimi Rahab Mugure, niliyekuwa nakupikia kule Milimani kabla sijaolewa. Kama umesahau sura, basi kumbuka yule aliyeunguza sufuria ya dengu siku ya wageni wa harusi ya Reena. Sasa naitwa Mama Kamande, nina miaka arobaini na mbili, na niko huku ziwani nikipanga waridi kwenye banda la kupakia maua la shamba moja. Kamande mwenyewe ni mtu mzima, anachoma nyama Kikopey.

Nakuandikia kwa aibu. Wiki mbili zilizopita walikuja wakaguzi kutoka Ulaya, wale wanaoangalia kama tunapewa glavu na kama maji ya kunywa ni safi. Mama mmoja mzungu akasimama mbele yangu akaniuliza swali. Nilisikia "when" na nilisikia "working". Nikatabasamu, nikamjibu, "Yes, madam." Akarudia polepole. Nami nikarudia, "Yes, madam," kwa sauti zaidi. Banda zima lilicheka mpaka meneja akageuka. Aliyeniokoa ni Akoth, tunayesimama naye meza moja. Alijibu kwa niaba yangu kwamba nipo hapa tangu mwaka wa 2001. Kumbe nilikuwa nimeulizwa ni tangu lini.

Akoth alisoma mpaka kidato cha nne. Tunaishi ploti moja, mimi chumba cha pili na yeye cha saba. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa shamba linatafuta supavaiza wa banda, na atakayechukuliwa lazima aweze kuwajibu wakaguzi. Mtihani ni Desemba. Nataka kuufanya. Nilipokuwa kwako nilikuwa nasikiliza ukiwafundisha watoto wa jirani pale meza ya kulia, mikono yangu ikiwa kwenye unga. Maneno nimebaki nayo, lakini hayashikani. Yanayonimaliza ni yale madogo madogo: from, since, by, with. Unaweza kunifundisha kwa barua?

Aliyekuwa msichana wako,
Rahab


Nakuru
17 Septemba 2007

Rahab,

Sufuria ile bado ninayo, na chini bado ni nyeusi. Kwa hiyo usidhani umesahaulika.

Mimi ni mjane sasa. Jayantilal alitutoka mwaka wa 2004 na duka la vitambaa likafungwa. Paresh yuko Leicester, Reena pia, na kila Jumapili wananipigia simu kunieleza kwamba nyumba ni kubwa mno kwangu. Nilistaafu ualimu miaka tisa iliyopita na tangu hapo sijasahihisha kitu isipokuwa magazeti. Ndiyo, nitakufundisha, na usinishukuru, maana nimefurahi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Nina sheria zangu. Ukurasa wa zoezi uugawe mara mbili, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Nitasahihisha kwa kalamu nyekundu na kukurudishia karatasi yako, nawe usilie. Halafu kuna hili nililowaambia wanafunzi wangu kwa miaka thelathini: mtu akikuuliza, usijibu nusu. Akiuliza umekuwa hapa tangu lini, usimtupie mwaka kama anayetupia kuku mahindi. Mwambie nimekuwa hapa tangu mwaka wa 2001. Anayejibu nusu anaonekana ana kitu anachoficha.

Sasa somo. Wakaguzi wanapenda maswali yanayoanza na kineno kidogo kikifuatwa na neno la kuulizia: "from where", "since when", "with whom", "by whom", "for how long". Sisi kwa Kiswahili hatuna shida na hayo, tunasema umetoka wapi, tangu lini, unakaa na nani, na maisha yanaendelea. Mwingereza wa kawaida anakiacha kile kineno mwisho wa swali. Mkaguzi anayetaka kuonekana mkubwa anakitanguliza. Wewe yajue yote mawili, usije ukashangaa tena. Nimekuwekea maswali kumi na mawili.

Unnati


Kamere
21 Oktoba 2007

Mwalimu,

Nimeacha kukuita Mama Paresh kwa sababu Mama Paresh alikuwa ananituma maziwa na wewe sasa unanituma kamusi.

Karatasi yangu imerudi nyekundu kuliko waridi tunazofunga. Akoth alipoiona alisema mwalimu huyu hana huruma hata kidogo, halafu akaketi nami akanifanyisha zoezi lote upya. Siku hizi ndiyo kazi yetu. Tukitoka shambani yeye anaosha vyombo bombani, mimi nasimama na karatasi, naye ananiuliza kwa sauti ya puani kama yule mama mzungu. Mapacha wake, Apiyo na Adongo, wana miaka sita na wameyashika maswali yote kunishinda. Wananifuata ploti nzima wakiniuliza "since when, since when", na nisipojibu wananishika sketi. Dalmas, mume wake, ni seremala. Amenitengenezea kibao cha kuandikia na kukipiga msasa mpaka kinateleza.

Kuna jambo sijamwambia Akoth. Anadhani najifunza ili nisiaibike tena, basi. Hajui kwamba na mimi nautaka usupavaiza. Yeye mwenyewe ameomba. Hajaniuliza, Mwalimu. Kama hajaniuliza, je, huo ni uongo?

Na swali la somo: "go to there" umeikata kwa mistari miwili, lakini "from there" umeiacha. "There" si ni ile ile?

Rahab


Nakuru
2 Novemba 2007

Rahab,

"There" ni ile ile, lakini haitaki kineno ukiwa unaenda. "Go there", "come here", "go home", inatosha. Ukiwa unatoka ndipo unalazimika kusema unatoka: "from there", "from here", "from home". Na wakati ni hivyo hivyo, "until now", "since then", "by tomorrow". Usiniulize sababu. Lugha ni kama jiko la mwenyewe. Ukikuta chumvi iko ndani ya kopo la kahawa, unaiacha hapo na unakumbuka.

Zoezi la tatu lilikuwa zuri. Sentensi zako zimeanza kusimama.

Kuhusu Akoth, mimi ni mwalimu wa Kiingereza, si padri. Lakini mwambie. Umeniuliza mimi kwa sababu jibu unalo.

Unnati


Kamere
16 Desemba 2007

Mwalimu,

Matokeo yalibandikwa ubaoni Ijumaa. Akoth ni wa kwanza, mimi ni wa pili. Ataanza usupavaiza tarehe nne Februari.

Sikuwa nimemwambia. Alipoona jina langu chini ya lake alinikumbatia mbele ya watu wote akasema angejua tunashindana asingenifundisha vizuri hivyo. Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika chumbani nilikaa kitandani na magambuti yangu bila kuyavua, kwa muda mrefu. Namwonea wivu. Alinifundisha mwenyewe, akiwa na mikono yenye sabuni, na bado namwonea wivu. Nimeona bora nikuandikie neno hilo kuliko kulibeba peke yangu.

Ploti ina maneno mengi sasa kwa sababu ya kura. Nikipita kwenye mlango fulani watu wanabadili lugha, na wengine wakipita kwangu nabadili mimi. Akoth na mimi tumekubaliana kwamba siasa haifiki bombani.

Krismasi njema ingawa si yako.

Rahab


Nakuru
14 Januari 2008

Rahab,

Sijui kama barua hii itafika. Tangu matokeo ya kura yatangazwe posta inafungua leo, kesho inafunga. Simu yako haipatikani. Nimejaza maji ndani ya bafu na madebe yote. Paresh amenikatia tiketi ya ndege na nimemwambia siendi, halafu nikakata simu kabla hajaniuliza naogopa au siogopi.

Watu waliofukuzwa Kuresoi na Molo wamejaa uwanja wa maonyesho. Nilipeleka mablanketi. Niliyakabidhi langoni na kurudi, sikuingia ndani.

Wewe na Akoth mko salama? Niandikie. Ukiweza, niandikie sentensi kumi zenye maneno tuliyofanya, kushoto na kulia kama kawaida. Kazi ya mkono hutuliza kichwa. Andika juu ya jambo lolote.

Unnati


Kamere
10 Februari 2008

Mwalimu,

Barua yako ilifika juzi. Niko mzima. Tunafunga maua ya Valentino tangu alfajiri mpaka jioni na nusu ya meza hazina watu. Akoth amekwenda kwao Ugunja na familia yake.

Zoezi hili hapa. Upande wa Kiingereza uuangalie vizuri, maana safari hii sikuwa na wa kuniuliza maswali.

1. Walikuja Jumapili, tarehe 27 Januari, kutoka upande wa barabara.
2. Waliniuliza chumba cha saba kinakaliwa na nani.
3. Niliwaambia kinakaliwa na Akoth.
4. Waliniuliza anakaa hapa tangu lini na pamoja na nani.
5. Niliwaambia anakaa hapa tangu 2003, pamoja na mume wake na watoto wawili.
6. Waliniuliza ametoka wapi.
7. Niliwaambia.
8. Sikushikwa na sikuguswa na yeyote kati yao.
9. Niliingia kwangu na nikakaa humo mpaka kukawa kimya.
10. Mpaka sasa hakuna aliyeniuliza mimi.

Rahab


Nakuru
20 Februari 2008

Rahab,

Nakurudishia karatasi yako. Umepata nane kwa kumi, alama bora zaidi tangu tuanze.

Nambari 5 umeandika "from 2003". Hapo ni "since", kwa kuwa jambo lilikuwa bado linaendelea. Nambari 7 haijakamilika. Uliwaambia nini?

"By whom" kwenye nambari 2 umeitumia vizuri sana. Endelea hivyo. Posta ya huku imefunguliwa.

Unnati


Kamere
9 Machi 2008

Mwalimu,

Nimepokea alama zangu.

Umeuliza niliwaambia nini kwenye nambari saba. Niliwaambia ni Mjaluo. Nililisema kwa Kikuyu, lugha yangu na yao, neno moja, na mkono wangu ulikuwa bado umeshika ndoo. Sasa sentensi imekamilika.

Nilikuandikia wewe kwa sababu padri wa hapa ni mtu wa hapa hapa, na Kamande ni mwanangu, sitaki anitazame usoni akijua. Nilikaa siku mbili na ile karatasi. Kiingereza kilinipa shida lakini Kiswahili ndicho kilichonishinda, niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Nilijua kwamba wewe utaisoma. Na wewe ukaweka tiki.

Basi nikueleze yaliyobaki, nayo ni ya kuambiwa na Cheptoo wa chumba cha nane, maana mimi nilikuwa nimejifungia. Dalmas alisimama mlangoni kwake kuwachelewesha. Walimjeruhi kwa panga mkono wa kulia, mkono wa seremala. Akoth alibandua mabati yaliyotenganisha chumba chake na cha Cheptoo, akapitisha watoto, akapita yeye. Halafu chumba cha saba kikachomwa na kila kilichokuwamo. Polisi waliwapeleka wote wanne kituoni, na baada ya siku nne wakapanda lori la kwenda kwao. Sikwenda kituoni. Wengine walikwenda na uji.

Tangu tarehe 18 Februari mimi ndiye supavaiza. Meneja alisema nafasi haiwezi kukaa wazi. Juzi wakaguzi walirudi na yule mama mzungu akaniuliza maswali yake yote. Nilimjibu moja baada ya lingine, majibu kamili, bila kukwama. Akanipa mkono. Ndivyo nilivyowajibu wale vijana Jumapili ile, Mwalimu. Kama mtu aliyesoma somo lake.

Usinitumie zoezi lingine.

Rahab


Nakuru
18 Machi 2008

Mama Kamande,

Nilianza kukuandikia kwamba macho yangu ni mabovu na kwamba nilisahihisha bila kuelewa. Nilijaza ukurasa mzima kwa uongo huo, tena uongo wenye sarufi safi. Nimeuchana.

Niliisoma. Nilipofika nambari tatu nilijua. Nilipofika ya kumi nilichukua kalamu nyekundu, kwa sababu nikishika karatasi ya mtu hicho ndicho kitu pekee ninachojua kufanya. Nilifikiri nikiandika neno moja la kweli nitalazimika kusimama mahali fulani. Nimeishi katika mji huu miaka sitini na minne bila kusimama mahali. Jayantilal alikuwa akisema sisi ni wageni wa kudumu, tufunge duka mapema na tuwasalimu wote sawasawa. Niliiita hiyo hekima.

Tarehe 25 Januari, mchana kweupe, mtu aligonga geti langu. Aliniita kwa jina. Alisema, "Mama Paresh, fungua." Nilikaa nyuma ya pazia mpaka akaacha. Sijui alikuwa nani. Nimejaribu kuikumbuka sauti yake na kila siku naifananisha na ya mtu mwingine.

Na lile la kutojibu nusu ni langu. Niliwaambia watoto wa watu kwa miaka thelathini kwamba anayejibu nusu ana kitu anachoficha. Hata siku moja sikuwaambia kwamba kuna watu wa kufichwa.

Je, Akoth anajua ni nani aliyesema? Siulizi kama mwalimu. Sina haki ya kukuagiza lolote, na naona aibu hata kuuliza. Lakini kama hajui, yuko huko akimdhania kila mtu wa ploti ile, na mmoja wa wale anaowadhania labda ni Cheptoo.

Unnati


Ugunja
4 Mei 2008

Mama Kamande,

Shikamoo za watoto nimeziweka mbele, maana wamekataa niandike kabla sijaziandika. Sisi sote tuko hai.

Mkono wa Dalmas umepona lakini vidole vitatu havikunji, hawezi kushika randa. Anajifundisha kutumia wa kushoto. Akiharibu mbao anacheka, halafu anatoka nje na harudi mapema. Mapacha wameanza shule ya hapa. Wanawaringia wenzao kwa Kiingereza cha bombani na kila siku wananiuliza Mama Kamande atakuja lini. Huku kila mtu anataka kujua tuliponaje. Nimewaambia kwamba jirani yangu Mkikuyu alitusitiri. Nimelisimulia hata kanisani na watu wakakuombea kwa jina.

Nina maswali mawili. Cheptoo ameniambia kwamba nafasi yangu ya usupavaiza imepewa mtu, lakini hataki kusema ni nani. Nilimpigia meneja, akasema nikifika kabla ya Julai atanisikiliza. Sasa mimi ndiye peke yangu wa kuwalisha hawa wote, na sina kazi nyingine ninayoijua. Nijulishe ni nani aliyeichukua na kama ataiachia.

La pili, ni nani aliyewaonyesha chumba chetu? Sitamfanyia lolote. Nataka tu kujua kama bado anakaa pale, kwa sababu nikirudi nitakuwa nachota maji naye.

Dada yako,
Akoth


Kamere
18 Mei 2008

Mama Apiyo,

Ni mimi. Mimi ndiye niliyewaonyesha.

Walikuwa vijana sita na wawili kati yao nawajua kwa majina. Nilikuwa bombani. Hawakunitishia. Waliniuliza kama wanavyouliza njia ya dukani. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mliondoka tangu Ijumaa, na wangeamini, maana wengi walikuwa wameondoka. Sikutafuta hata uongo mmoja. Niliwaambia jina lako, na tangu lini, na pamoja na nani, na watoto ni wangapi. Hakuna aliyeuliza watoto ni wangapi. Hilo nililitoa mwenyewe.

Nafasi yako nilipewa mimi. Jana nilikwenda kwa meneja nikamwambia naiacha na kwamba ni yako. Alinitazama kama mgonjwa, lakini ameandika. Itakusubiri mpaka tarehe 30 Juni. Mimi nimerudi mezani.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama niliwajibu kwa hofu au kwa sababu ya jina lako kuwa juu ya langu pale ubaoni. Nafikiri ilikuwa hofu. Nataka iwe hofu. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata yule mwalimu wangu. Nilipofunga mlango, kabla sijakaa, nilikumbuka kwamba mimi nilikuwa wa pili. Nililikumbuka hilo Dalmas akiwa bado anapiga kelele.

Sijui niombe nini. Nikiandika nisamehe naona nakuongezea kazi. Nimepata chumba Karagita na mwisho wa mwezi nahama, ili ukirudi usikutane nami bombani. Waambie watu wa kanisa waache kuniombea.

Rahab


Ugunja
8 Juni 2008

Mama Kamande,

Nilikuwa nyuma ya mlango, hatua chache kutoka bombani. Mabati hayazuii sauti, unajua mwenyewe, tumesikizana mafua na magomvi miaka mitano. Nilikusikia ukijibu swali baada ya swali, na ulipofika kwenye watoto ndipo nilipoanza kubandua ukuta wa Cheptoo kwa mikono. Kama ningekuwa sijakusikia, labda ningengoja nione wanapita. Usilichukue hilo kama zawadi. Nakuambia tu ilivyokuwa.

Kwa hiyo nilijua. Nilikuuliza nione utasema nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wako, hata nilikuwa nimeamua kuuamini, nirudi kazini, tuchote maji na tusijadili. Sikuwa nimejiandaa kwa lile la Dalmas akipiga kelele na wewe ukikumbuka mtihani. Nimelisoma mara moja na barua nimeichoma, kwa sababu Dalmas anapekua vitu vyangu akitafuta kiberiti.

Kazi yangu naichukua. Nitafika tarehe 25, peke yangu kwanza.

Karagita usiende. Ukihama watu watauliza kwa nini, na mimi sitaki kulisema jambo hili kwa mdomo wangu, si kwa ajili yako, kwa ajili ya mapacha. Siku ile kwenye lori walikuwa hawalali. Walitaka kujua ni nani mbaya na ni nani mzuri, na nilihitaji walale. Niliwaambia kwamba Mama Kamande aliwadanganya wale watu ili sisi tutoroke. Wakalala. Tangu siku hiyo wanakuombea kabla hawajaniombea mimi, na siwezi tena kuwanyang'anya hilo bila kuwarudisha ndani ya kile chumba.

Watakuja Agosti shule zikifungwa. Wakishuka tu watakukimbilia. Utawapokea, Mama Kamande. Utawakumbatia mbele yangu, watakushukuru, na utawaambia karibuni.

Akoth